Taa ya Mabaki Usiiite "Mpya". Andika Kilichomo Ndani, Itauzika Tu

Leo nina neno kwa wenzangu tunaotengeneza taa za mapambo kwa vifaa vilivyokufa na kuziuza mtandaoni: taa za chupa, taa za vibuyu, majina yanayowaka, taa ndogo za chumba cha mtoto. Wauzaji wa vitu vingine mnaweza kusoma pia. Ukiuza simu iliyotumika au redio iliyopitia kwa fundi, jambo ni lile lile.

Kuna tabia imeingia. Mtu anafungua tochi mbovu, anatoa taa zake, anachukua betri ya laptopu iliyotupwa, anaunganisha, anaingiza kwenye chupa safi, anapiga picha kali halafu anaandika "MPYA KABISA, OG, mzigo kutoka nje". Mteja analipia mpya. Msimamo wangu: hiyo ni biashara mbaya hata kama taa inawaka vizuri. Taa ya mabaki iuzwe kwa jina lake, na kilichomo ndani kiandikwe.

Nina duka dogo hapa Buswelu. Shule niliishia kidato cha nne, umeme nimejifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuangalia video usiku bando likiwa rahisi. Kwa hiyo siongei kama injinia. Naongea kama mtu anayekula kutokana na hizi taa, na anayetaka mwakani bado azile.

NDANI YA VITU VYA BEI RAHISI MNA NINI

Kwanza tukubaliane kwamba mabaki ni mali. Vile vifaa vya bei chee vinavyojaa majumbani vikifa, mara nyingi kinachokufa ni kitu kimoja tu na vingine vyote vizima.

1. Taa ndogo za sola za bustani. Ndani kuna kipande cha sola, betri moja ya volti 1.2, kidude cha miguu minne na taa ya LED. LED nyeupe inahitaji kama volti 3 ili iwake, sasa hiki kidude kazi yake ni kuinua hizo 1.2 zifike huko. Na kile kipande cha sola ndicho kinachojua kama kumekucha au usiku umeingia. Kinachotangulia kufa hapo ni betri. Weka nyingine mpya ya aina ile ile, umepata taa ya chupa inayojiwasha yenyewe jioni. Kwa anayeanza, hii ndiyo ya kuanzia, maana umeme wake ni mdogo sana.

2. Tochi za kuchaji ukutani. Chukua LED, kioo cha mbele na swichi. Sehemu ya kuchajia usiiguse, nitaeleza kwa nini.

3. Raketi za kuua mbu. Nyingi zina LED, swichi na betri. Ila ule wavu unabeba umeme wa volti nyingi mno, na kapasita yake inabaki na umeme hata ukishazima. Kabla hujafungua, gusisha nyavu mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki mpaka iache kutoa cheche.

4. Betri za laptopu. Zile za zamani, nene, ukizipasua unakuta betri za duara, mara nyingi sita, zinazoitwa 18650. Jina limetokana na vipimo: upana milimita 18, urefu milimita 65. Laptopu ikikataa betri haimaanishi zote sita zimekufa. Mara nyingi ni mbili tu ndizo zinazoangusha wenzao.

5. Balbu za LED zilizoungua. Zile taa zake zimepangwa kwa mstari mmoja, moja ikifa zote zinazima. Utaiona ina nukta nyeusi. Hii nayo nitairudia.

Hapo unaona kwamba malighafi ipo mtaani kwako, kwa mnunuzi wa skrepa na kwa mafundi simu ambao kona zao zimejaa. Swali ni unaitajaje ukishaifanya bidhaa.

KOROBOI HAIKUWAHI KUJIFICHA

Wanaosema "mteja akijua ni mabaki atakimbia" naomba tuangalie mji wetu wenyewe. Pale katikati ya Mwanza kuna Makoroboi. Kila mtu anapajua kwa biashara, wachache wanakumbuka jina limetoka wapi. Koroboi ni ile taa ndogo ya mafuta ya taa iliyotengenezwa kwa kopo na utambi. Mafundi bati walichukua makopo na vyuma chakavu, wakayakata, wakayachomelea, wakatoa taa, miiko, majiko. Watu wakanunua mpaka eneo likabeba jina la bidhaa.

Sasa angalia: koroboi ilikuwa inaonyesha kabisa ilikotoka. Ukiigeuza unaona maandishi ya kopo la zamani. Hakuna fundi aliyemwambia mama "hii imetoka ng'ambo". Mnunuzi alijua anachonunua, alijua hatari ya moto wake, alijua ikitoboka anairudisha kwa nani. Bei ilikuwa ya kweli kwa sababu kitu kilikuwa cha kweli.

Taa yetu ya leo ina tofauti moja kubwa na koroboi. Mabaki yake yako ndani na yamefunikwa na gundi. Mteja hawezi kugeuza akaona. Kwa hiyo kile ambacho kopo lilikuwa linakisema lenyewe, leo inabidi muuzaji akiandike. Asipoandika, mteja hana njia nyingine ya kujua.

SABABU YA KWANZA: BETRI SIO KITU CHA KUFICHA

Betri ya lithiamu iliyotumika ni mali, lakini pia ni moto uliolala. Ikitobolewa, ikichajiwa kupita volti 4.2, au ikichajiwa baada ya kukaa imekufa kabisa, inaweza kupata joto na kulipuka. Na taa ya mapambo inakaa wapi? Juu ya kabati, pembeni ya pazia, karibu na neti ya mtoto.

Mteja aliyeambiwa "mpya" ataiacha inachaji usiku kucha na kwenda kulala. Mteja aliyeambiwa "betri imetumika, imepimwa, chaji ukiwa macho, ikipata joto itoe" ataichunga. Maneno hayo machache ndiyo yanaweza kulinda nyumba ya mtu. Ndiyo maana nasema kuficha hapa kunazidi uongo wa kawaida wa biashara. Ukimwambia mtu kiatu ni kipya na sio kipya, amepoteza hela. Betri ni habari nyingine.

Ninavyopima mimi ni hivi. Kwanza multimita, huwezi kufanya hii kazi bila multimita. Betri ikisoma chini ya volti 2, sijaribu kuifufua, inaenda kwenye ndoo ya kutupa. Iliyopona naichaji mpaka 4.2 nikiwa nimekaa hapo hapo, na ikianza kuwa ya moto mkononi nayo nje. Kisha naiacha wiki mbili bila kuigusa. Ikishuka chini ya 4.0, nje. Kwenye taa naweka bodi ndogo ya kuchajia, ile TP4056 yenye ulinzi, inayokata betri ikijaa na ikikaribia kuisha. Hiyo bodi nanunua mpya siku zote. Pale sibani hela.

SABABU YA PILI: UMEME WA UKUTANI HAUNA MZAHA

Niliahidi kurudi kwenye tochi. Tochi nyingi za bei rahisi zenye pini za kuchomeka ukutani hazina transfoma. Umeme wa volti 230 unapita kwenye kapasita moja halafu unaingia kwenye betri. Maana yake ikiwa imechomekwa, kila waya ndani yake unaweza kukurusha. Kiwandani waliifunika kwa plastiki. Wewe ukiitoa humo ukaipachika kwenye kibuyu au chupa yenye waya wa shaba nje, umetengeneza mtego.

Na ile balbu ya LED iliyoungua: kuna mafundi wanaunganisha kwa solda pale penye nukta nyeusi, inawaka tena, inarudi sokoni. Kwa matumizi yako nyumbani, shauri yako. Kumuuzia mtu, mimi sikubali. Joto linaongezeka, maisha yake ni mafupi, na bado ni kitu cha 230. Kumbuka pia kapasita ya ndani ya balbu na chaja inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuchomoa. Na zile enejisava za kioo cha mviringo, kioo chake kina zebaki, usikivunje kutafuta vipuri.

Kwa hiyo sheria ya duka langu ni fupi: taa yoyote ya mabaki inayotoka hapa inatumia volti 5 kushuka chini. Inachajiwa kwa chaja ya simu ya mteja mwenyewe, au kwa sola ndogo. Hakuna kinachochomekwa ukutani moja kwa moja.

SABABU YA TATU: BEI

Hapa ndipo wengi mnaponipinga. "Ukisema ni mabaki atashusha bei."

Nijibu hivi. Kwa upya huwezi kumshinda anayeshusha kontena Kariakoo. Taa yake ni mpya kweli, ni nyingi, na bei yake ni ya chini kuliko gharama ya muda wako. Ukiandika "mpya, kutoka nje" umejiingiza mwenyewe kwenye ushindani ambao umeshashindwa. Mteja ataandika jina la ile bidhaa, ataona ya elfu nane, atakuuliza kwa nini yako ni elfu kumi na tano. Utamjibu nini?

Lakini ukimwambia: "Hii nimeikata mwenyewe Buswelu, chupa ni ya harusi yako uliyoniletea, taa zimetoka kwenye tochi, betri imepimwa, ikizima ndani ya miezi mitatu nirudishie", huyo wa kontena hana hicho kitu. Hapo unauza kazi ya mkono, unauza jina la mtoto wake linalowaka, unauza fundi anayepatikana. Mimi taa ya chupa nauza elfu kumi na tano, na nimeiandika mabaki, na bei inasimama. Anayetaka ya elfu nane namwelekeza akanunue hiyo, hatugombani.

Halafu kuna hesabu ya marejesho. Mteja aliyeambiwa ukweli taa ikizima anaandika "fundi, ile taa imezima, nakuletea". Aliyeambiwa mpya anaandika "wezi nyie", tena anaandika hadharani. Ujumbe mmoja wa hivyo unafukuza wateja ambao hata hujawahi kuongea nao, na haufukuzi wa kwako peke yako. Anayefuata kuposti taa ya chupa, hata kama ni mkweli, anakutana na "hizo taa za mtandaoni ni utapeli". Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Uongo wa mmoja tunaulipia wote.

Na kwa wanaopenda kusikia sheria: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Udogo wa duka sio kinga.

LEBO YANGU

Hivi ndivyo ninavyoandika, kwenye karatasi ndogo na kwenye posti pia. Chukua, badilisha, tumia:

"Taa ya chupa, imetengenezwa kwa mikono Buswelu, Mwanza. LED 5 kutoka tochi iliyotumika. Betri 18650 iliyotumika, imepimwa tarehe (weka). Bodi ya kuchajia mpya. Inachajiwa kwa chaja ya simu, volti 5. Inawaka saa 10. Usichaji ukiwa umelala. Usiiweke kwenye maji wala juani. Ikipata joto au ikivimba acha kuitumia, niambie. Dhamana miezi 3."

Ile "saa 10" sio ya kubahatisha. LED moja ndogo inakula kama miliampia 20, tano zinakula 100. Betri iliyobakiwa na 1,500 inatoa saa 15 kwenye karatasi. Mimi naandika 10. Mteja akipata 12 anafurahi na kukusifia kwa shoga yake. Ukiandika 15 akapata 12, ameshaona umemwibia tatu.

Na kila LED iwe na rezista yake. Betri ikijaa ni 4.2, LED inachukua 3, inabaki 1.2. Gawanya kwa 0.02 unapata 60. Chukua 68, ambayo inapatikana na iko juu kidogo. Wanaoacha rezista ili "iwake kali" ndio taa zao zinafifia kabla ya mwezi.

NINACHOKATAA KUTENGENEZA

Wavuvi wa dagaa wameshaniuliza kama naweza kuwatengenezea taa za ziwani. Nawaelewa. Dagaa wanavuliwa usiku, giza likiwa kali, kwa kuvutwa na mwanga. Zamani ilikuwa karabai za mafuta, siku hizi LED na betri zimechukua nafasi kubwa. Soko lipo, ukienda Igombe au Mwaloni Kirumba unaliona.

Jibu langu ni hapana, na namweleza mtu kwa nini. Taa ya mapambo ikizima, sebule inabaki na giza la dakika mbili. Taa ya mvuvi ikizima katikati ya maji, usiku wa watu wote waliomo mtumbwini umeharibika, na mafuta ya injini yameshatumika. Pia kule kuna maji, mawimbi na kugongana, vitu ambavyo betri ya lithiamu iliyotumika haivipendi hata kidogo. Mabaki ni ya mapambo na ya kujifunzia. Kifaa cha kazi cha mtu kinunuliwe kipya, chenye dhamana ya anayeweza kuilipa. Kujua pa kuishia nako ni sehemu ya kusema ukweli.

KUTUMA MZIGO

Ukituma kwa basi mkoani, usitume taa ikiwa imejaa chaji na swichi iko wazi. Mimi natuma betri ikiwa na chaji kama theluthi, waya mmoja umechomolewa na ncha yake imefungwa kwa tepu, na ndani naweka maelezo ya kuuchomeka. Sikuitunga hii. Kwenye ndege, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimezuiwa kwenye ndege za abiria tangu 2016, na kwenye ndege za mizigo chaji yake haitakiwi kuzidi asilimia 30. Kama wao wanaogopa, wewe na buti la basi nani? Na mwambie wakala ukweli kwamba kuna betri ndani.

YANAYOBAKI

Ukifungua vitu kumi unabaki na taka za vitu tisa. Betri zilizofeli usizitupe jalalani na usizichome. Funga ncha kwa tepu, weka kwenye ndoo ya bati yenye mchanga, mbali na jiko na nguo, mpaka umkabidhi anayekusanya taka za kielektroniki kihalali. Tanzania ina kanuni za taka hizi za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mamlaka ya taifa ya mazingira ndio wenye jukumu hilo. Ukifikia kununua mabaki kwa magunia, nenda kawaulize kuhusu kibali kabla hawajaja wao kukuuliza.

Kwa leo naishia hapo. Kama una taa dukani umeziandika "mpya" na sio mpya, badilisha maelezo leo hii, usisubiri mzigo uishe. Halafu angalia wiki mbili zijazo wateja watauliza nini. Wangu waliacha kuuliza "OG?" wakaanza kuuliza "unaweza kuandika jina la mwanangu?" Hilo ndilo swali linalolipa kodi ya fremu yangu.

Mwenye swali la multimita, rezista au lebo aliweke hapa chini. Najibu jioni nikishafunga duka.